Mbabula Moja, Jioni Moja: Mwongozo wa Mpishi wa Kisenge

Kabla hujachagua mboga ya leo, tazama kwanza mfuko wa makala. Ukiwa Kisenge, au hata Kolwezi siku umeme umekatika, jioni yako ina mbabula moja, na mbabula hiyo ndiyo inayoamua kama watoto watakula saa moja au watalala na chai. Wapishi wengi wakiambiwa habari za chakula cha haraka hukimbilia kukata vitunguu upesi upesi. Kitunguu hakijamchelewesha mtu. Kinachochelewesha ni sufuria ya pili inayongoja ya kwanza iteremke. Kwa hiyo shauri langu ni hili: nunua dukani vile ambavyo kiwanda kimekwisha kuvipika, moto wako uuwekee bukari na majani, na makala yakianza kufifia yapikie kitu kitamu.

Duka la Kisenge lina rafu fupi. Utakuta sardini, nyanya ya kopo, maziwa ya unga, spageti, mchele, biskuti, sukari, mafuta, hamira, Maggi, na ukibahatika nyama ya kopo na maziwa mazito ya sukari. Wiki ijayo utakuta hivyo hivyo. Mwenye duka si mvivu. Ananunua kinachovumilia njia. Mji huu umeishi kwa reli ya Tenke hadi Dilolo, iliyokamilika mwaka 1931, ambayo ndiyo iliyoyapa manganizi ya Kisenge njia ya kwenda baharini. Vita vya Angola vilipoikata njia ya Lobito mwaka 1975, manganizi yalikwama hapa hapa, na ni mwaka 2018 ndipo mabehewa yake yalipoanza tena kuvuka mpaka. Mahali ambapo hata madini yamewahi kukaa miaka mingi yakisubiri behewa, usitegemee mtindi wala jibini. Tegemea kopo, na ujifunze kulitumia vizuri.

Kopo lenyewe lichague kwa macho. Lililovimba juu au chini liache, hata likiuzwa nusu bei. Lililobonyea ubavuni si neno, lakini likibonyea kwenye mshono, au likiwa na kutu pale bati linapokutana, lirudishe. Nyanya ya kopo isome maandishi: ikiwa imeandikwa nyanya na chumvi tu, hiyo ndiyo, ukiona wanga na rangi, ujue umeuziwa uji mwekundu. Maziwa ya unga yanunue ya pakiti ndogo, hasa mvua zinapoanza. Kopo kubwa likishafunguliwa, unyevu huingia na unga unashikana mabonge kabla hujafika katikati.

Majani hayatoki dukani, yanatoka kwa mama wa sokoni, nawe ukitoka kazini unamkuta anafunga.

"Mama, lengalenga hii imekatwa lini?"

"Asubuhi, mwanangu. Chukua mafungu matatu, nikuongezee matabishi."

Kabla hujalipa, vunja bua moja. Likikatika kwa mlio, amesema kweli. Likijikunja bila kuvunjika, ni la jana. Bado linafaa, ila omba matabishi makubwa.

Sasa bukari. Watu wa migodi tumezoea ya mahindi, kwa sababu kampuni ya migodi ya Union Minière iliwagawia wafanyakazi wake unga wa mahindi kama posho, na mazoea yakabaki hata baada ya kampuni kuondoka. Huku upande wa Dilolo na Sandoa, kwa Walunda na Wachokwe, muhogo haukuondoka mezani. Mimi nachanganya, na sababu ya kwanza ni moto. Mahindi matupu yanataka kuchemka sana, la sivyo tumbo litakusemesha usiku. Muhogo unashika mara moja. Kwa watu wanne, bandika lita moja na nusu ya maji. Yakiwa ya vuguvugu koroga vikombe viwili vya unga wa mahindi, kisha funika nusu na uache uji utokote dakika saba au nane, maana unarusha matone yanayounguza mkono. Hapo ongeza vikombe viwili vya unga wa muhogo, kidogo kidogo, na usonge kwa nguvu ukiubana ukingoni mwa sufuria. Bukari ikiacha kunata kwenye mwiko na kuanza kung'aa, imeiva. Sababu ya pili ni mfuko. Ukame wa 2024 ulipoharibu mahindi ya Zambia, sisi tunaotegemea unga unaopita mpaka wa Kasumbalesa tuliuona kwenye bei, na mwenye nusu muhogo alilia nusu.

Lakini unga wa muhogo ujue unatoka kwa nani. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kuloweka siku tatu au nne mpaka mizizi ilainike, kisha kuanika vizuri juani. Pale wauzaji wanapokimbilia bei nzuri na kuufupisha muda wa kuloweka, wanaokula muhogo karibu peke yake, bila samaki wala maharage ya kuupa mwili nguvu ya kujitetea, ndio wanaopatwa na konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla na hauponi. Daktari Giovanni Trolli aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kutoka Kwango, hapa hapa nchini kwetu. Unga unaouma ulimini usiununue. Kopo la sardini pembeni ya bukari ya muhogo, kwa hiyo, si anasa.

Na sardini ndiyo mboga ninayoiamini kuliko zote kwa siku ya kazi. Chukua makopo mawili ya gramu 125, yale ya mafuta, kopo dogo la nyanya la gramu 70, kitunguu kikubwa, pilipili moja, na mafungu matatu ya lengalenga. Mafuta ya sardini yamimine sufuriani badala ya mafuta mapya: umekwisha kuyalipia, na yana ladha. Kaanga kitunguu hadi kilainike. Kisha weka nyanya ya kopo peke yake, bila tone la maji, na uikoroge dakika tatu. Hapa ndipo mboga inapoharibika katika nyumba nyingi. Mpishi anamwaga maji papo hapo, na mchuzi unabaki na uchachu wa bati hata ukiuchemsha nusu saa. Ukivumilia, utaona nyanya ikiacha wekundu wake wa kung'aa na kuwa kahawia kidogo, mafuta yakijitenga na kuzunguka ukingoni, na ile harufu kali inayopanda puani ikigeuka tamu. Ukiona hivyo ongeza nusu kikombe cha maji, tia lengalenga iliyokatwa, funika dakika tano. Sardini huingia mwisho, vipande vizima, dakika mbili tu, bila kukoroga. Onja kabla ya kutia chumvi au Maggi. Samaki wa kopo anakuja na chumvi yake, na nimekula kwa watu waliosahau hilo. Maji ya mtungi yaliisha kabla ya bukari.

Mboga hii haichukui hata nusu saa. Ukitaka mpangilio: pika mboga kwanza, teremsha, ifunike kwa kitambaa kizito, kisha bukari. Mboga ya nyanya ikipumzika haipotezi kitu, bukari ikipumzika inakuwa ngumu. Wengi hufanya kinyume, wakisonga kwanza kwa sababu ndicho chakula, halafu wanakula bukari ya baridi na mchuzi wa moto.

Majani yaoshe mara tatu, na maji ya mwisho yawe meupe. Hili nalisema kwa msisitizo kwa wa Kolwezi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo yao kutoka Kasulo, ule mtaa ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao: wakazi walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko majirani wa mtaa usiochimbwa, na watoto walizidi. Vumbi linatua juu ya kila kitu, na jani la lengalenga ni pana. Kuosha huondoa vumbi, hakuondoi kilichopanda kwa mizizi. Kwa hiyo bustani iliyo kando ya mgodi au ya mfereji wa maji ya kuoshea madini isikulishe, hata kama mboga yake imenawiri.

Siku ya ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kazi kubwa ni kuwaondolea mchanga na uchungu. Wa Kalemie huja wamekauka vizuri. Wamwagie maji ya moto, suuza upesi, kamua, halafu wakaange kwenye sufuria kavu dakika tatu au nne wakiruka ruka, kabla ya mafuta kuguswa. Ndipo mafuta, kitunguu, nyanya ya kopo kwa utaratibu ule ule, na vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa, zikiwa zimekorogwa kwanza kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Usitupe karanga kavu kwenye mchuzi unaochemka, zitaganda. Moto uwe mdogo kuanzia hapo, kwa sababu karanga huungua chini kabla hujasikia harufu. Ongeza matembele kama yapo. Bukari ikikosekana, hata wali unakubali.

Samaki wa barafu, tomsoni, ni suala jingine. Nunua siku ya kupika tu, na usikubali aliyekwisha kuyeyuka akalala ndani ya maji yake. Mpasue, mtie chumvi na ndimu, na kama mafuta ni machache usimkaange: mpange juu ya vitunguu na nyanya mbichi, kikombe kimoja cha maji, funika dakika kumi na tano. Majani ya ngayi-ngayi ukiyapata yanammaliza shombo yote.

Nimeulizwa mara nyingi na akina dada wanaofanya kazi mbali na nyumbani kuhusu sombe ya haraka. Haipo. Majani ya muhogo yana sumu ile ile ya mizizi; kuyatwanga na kuyachemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni, ndiko kunakoyafanya yawe chakula. Anayekuuzia sombe iliyotwangwa mashineni amekupunguzia kazi ya kinu, hakukupunguzia moto. Ichemshe Jumapili, saa nzima na zaidi, mpaka maji yapungue na majani yawe laini kabisa; igawe, na Jumatatu uiamshe kwa mafuta ya mawese, kitunguu na kopo moja la sardini au ndakala kidogo. Kwa asiye na friji, Jumatatu ndiyo mwisho, na ichemke upya hadi katikati.

Spageti imeingia nyumba za Lualaba kwa mguu wa watoto, nami sioni ubaya. Ina faida moja ambayo wachache wanaitumia: haihitaji moto muda wote. Chemsha maji mengi yenye chumvi, tia spageti, ikishachemka tena dakika tatu, ifunike vizuri na uiteremshe kabisa. Maji yenye moto yatamaliza kazi kwa dakika kumi na mbili hivi. Mwaka 2022 Giorgio Parisi, Mwitaliano aliyepata Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia, aliwashauri wenzake wapike hivi kuokoa gesi, na Italia nzima ikagombana. Sisi hatuna sababu ya kugombana; mbabula imebaki wazi kwa mchuzi. Kumbuka tu kwamba Kolwezi iko karibu mita 1,450 juu ya bahari, maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ni za watu wa pwani. Onja utepe mmoja kabla ya kumwaga maji.

Mchuzi wake: nyama ya kopo. Nusu kopo linawatosha wanne likichanganywa na kabichi iliyokatwa nyembamba sana. Kaanga kabichi na kitunguu kwa moto mkali hadi ianze kuungua kidogo pembeni, ndipo uvunje nyama ndani yake. Nyama hii ina mafuta na chumvi ya kutosha, usiongeze chochote isipokuwa pilipili. Ile nusu iliyobaki itoe kwenye bati, iweke kwenye bakuli lenye kifuniko, na kesho asubuhi iliwe na mayai.

Maharage siku ya kazi? Kwa kikapu tu. Yaloweke tangu jana, asubuhi yachemshe kwa nguvu dakika ishirini huku ukichemsha chai, kisha ifunge sufuria kwa blanketi nene ndani ya kikapu au katoni iliyojaa nguo kuukuu. Jioni yatakuwa karibu yameiva. Yarudishe motoni yachemke vizuri ndipo uyaunge. Mchele nao unakubali kikapu hiki, dakika tano za moto na nusu saa ya blanketi.

Tuje kwenye kitamu, ambacho Wakongo wengi tunakifikiria siku ya Noeli tu, kana kwamba siku ya Jumatano haina mdomo. Makala yamebaki mekundu chini ya majivu, yatumie. Kilicho rahisi kuliko vyote ni nanasi. Huku kwetu, kama ilivyo ng'ambo ya Zambia kule Mwinilunga, nanasi linakubali udongo na linauzwa bei ya kutupa msimu wake ukifika. Likate vipande vya unene wa kidole, nyunyizia sukari, panga kwenye kikaango kikavu kilichopata moto, na usiviguse hadi sukari iwe kahawia na kuanza kutoa povu. Geuza mara moja. Ukiteremsha, mwagia kijiko cha maziwa mazito.

Maziwa mazito hayo hayo, ukiyapata, yanafanya jambo ambalo wageni hawaliamini mpaka waonje. Ponda parachichi mbili zilizoiva hadi zisibaki na bonge, tia nusu kopo la maziwa mazito na juisi ya ndimu mbili, piga kwa uma. Baada ya dakika kumi inashikana bila moto wowote, kwa sababu ndimu inayagandisha maziwa. Iliwe usiku huo huo, kesho itakuwa na rangi ya kuchukiza.

Biskuti na ndizi ni kitamu cha nyumba yenye watoto wengi. Koroga vijiko sita vya maziwa ya unga na vijiko viwili vya maizena kwenye maji baridi kidogo, kisha umimine yote kwenye nusu lita ya maji yenye moto na vijiko vitatu vya sukari, ukikoroga bila kupumzika hadi iwe nzito, dakika mbili zaidi, teremsha. Maizena ikitiwa kavu kwenye maji ya moto inafanya vidonge ambavyo hakuna chujio litakaloviondoa. Chovya biskuti kavu kwenye chai, zitande kwenye bakuli, ndizi juu, maziwa juu, tena na tena. Biskuti za krimu ziache, zinageuka tope.

Mkate wa juzi nao usitupwe. Ukate vipande, uloweke kwenye vikombe viwili vya maziwa yaliyokorogwa na mayai mawili na sukari, umimine kwenye kibakuli cha bati kilichopakwa majarini. Weka kibakuli ndani ya sufuria yenye maji ya kufika nusu yake, funika, na uweke mawe mawili juu ya kifuniko. Makala yaliyobaki baada ya bukari yanatosha: dakika thelathini, na kisu kikitoka kikavu, tayari. Chini kutakuwa na ukoko wa rangi ya dhahabu kama ulitia sukari kidogo kwenye bati kabla ya mkate.

Mikate ya mafuta naipenda, lakini hamira ya kuumua inataka saa nzima, na siku ya kazi saa hiyo haipo. Tumia hamira ya unga ya keki: vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vidogo viwili vya hamira hiyo, ndizi mbili zilizoiva kupita kiasi zikiwa zimepondwa, chumvi kidogo, maji mpaka donge lianguke polepole kutoka kijikoni. Mafuta yawe na moto wa wastani. Yakiwa makali mno, nje hukauka na ndani hubaki unga. Ndizi ina sukari ya kutosha, kwa hiyo usiongeze. Mwenye asali ya porini, ile nyeusi inayoletwa na Wachokwe kwenye chupa za maji, aiweke mezani kila mtu achovye mwenyewe, isipokuwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka: asali ya aina yoyote inaweza kumdhuru, hata tone kwenye kidole.